Maswali kwa Kiswahili, Majibu kwa Kiingereza

Wapenzi wa Kiswahili hatukosi la kubishania. Tumebishana kama utungo usio na vina ni shairi, kama "masaa" ni wingi halali wa "saa", na kama neno la Lamu lina haki ya kuingia katika kamusi iliyotungwa Dar es Salaam. Ubishi huo una heri yake, maana lugha isiyobishaniwa ni lugha iliyokwisha wenyewe. Leo naomba tuupeleke mahali ambapo hatuendi mara nyingi: kijijini, ambako mtafiti wa afya ameketi mkekani na dodoso mkononi, anauliza, anaandika, na pengine anatoa damu kidoleni mwa mtoto. Huko neno likikosewa, hasara yake haiishii kwenye mizani ya mshororo. Huweza kufika kaburini.

Hoja yangu ni hii: utafiti wa afya nchini Tanzania hufanywa kwa Kiswahili lakini huishi kwa Kiingereza. Swali huulizwa kwa Kiswahili, hujibiwa kwa Kiswahili, kisha jibu hutafsiriwa, huchambuliwa, huandikwa na kuhifadhiwa kwa lugha ambayo aliyejibu haisomi. Hiyo ni dhuluma kwa aliyejibu na hasara kwa sayansi yenyewe. Tena ni aibu kwetu sisi tunaojiita walinzi wa lugha, kwa kuwa tumekaa pembeni kana kwamba jambo halituhusu.

Nitaanza na neno moja, nalo ni degedege. Kila mzazi wa pwani analijua. Mtoto mwenye homa kali hugeuza macho, hukakamaa, hutetemeka viungo, akapoteza fahamu. Kwa daktari hiyo huweza kuwa dalili ya malaria kali iliyofika ubongoni. Kwa wengi waliolirithi neno hili, degedege ni ugonjwa uliosimama peke yake, wenye asili yake na tiba yake. Na kwa kuwa jina lenyewe linamkumbusha msikiaji "dege", wapo waliouhusisha na ndege au nondo apitaye usiku, na wengine wakauhusisha na shetani.

Katika miaka ya 1990 watafiti waliokuwa wakiandaa mradi wa vyandarua vyenye dawa wilayani Bagamoyo waliamua kufanya jambo ambalo mwanaisimu yeyote angelipongeza. Kabla ya kugawa chandarua hata kimoja, walikaa na watu na kuuliza maneno yao ya homa yana maana gani. Peter Winch, A. M. Makemba na wenzao walichapisha waliyoyapata mwaka 1996. Waligundua kwamba "homa ya malaria", lile jina lililokuwa likihubiriwa zahanatini, kwa wanakijiji lilikuwa na maana ya homa ya kawaida, inayokuja na kuondoka, isiyotisha sana. Degedege halikuwa ndani yake. Bandama lililovimba halikuwa ndani yake. Upungufu mkubwa wa damu kwa mtoto, nao haukuwa ndani yake. Kwa hiyo mhamasishaji aliposimama chini ya mwembe na kusema kuwa mbu huleta malaria, wasikilizaji waliafiki kwa moyo mmoja. Lakini walichokiafiki ni kwamba mbu huleta ile homa ndogo. Yale yaliyokuwa yakiwaua watoto wao hayakutajwa katika hotuba, kwa sababu mhubiri na wahubiriwa walitumia neno moja kwa maana mbili.

Tufikirie uzito wa jambo hilo. Hapakuwa na uhaba wa ujumbe. Hapakuwa na ujinga, kwani waliosikiliza walielewa kila neno, kwa maana waliyoijua wao. Palikuwa na pengo la maana, na pengo hilo lilikuwa na matokeo: mtoto aliyeshikwa na degedege alipelekwa kwanza kwa mganga, na wapo walioamini kwamba akichomwa sindano katika hali ile atakufa. Saa zilizopotea njiani kati ya mganga na hospitali zilikuwa saa za uhai. Sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi zaidi kwamba maana ya neno ni suala la afya ya umma sawa na maji safi.

Mfano huo unatufundisha jambo la pili: utafiti uliosikiliza lugha ulifanya kazi bora. Katika mabonde ya Kilombero na Ulanga, mradi mwingine wa vyandarua ulioanza miaka ileile ya 1990 uliviita vyandarua vyake Zuia Mbu. Jina hilo lina maneno mawili, kitenzi na mtendwa, bila pambo lolote, na kila mtu alijua la kufanya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza nafasi ya kuishi kwa watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi miaka 4 kwa asilimia 27. Sidai kwamba jina ndilo lililookoa watoto; dawa na uzi ndivyo vilivyowaokoa. Lakini chandarua kisichoeleweka hugeuzwa wavu wa samaki au uzio wa bustani, na hilo nalo tumeliona.

Sasa tuangalie dodoso lenyewe. Tuchukue neno kichocho. Katika akili ya wazungumzaji wengi, na hata katika kamusi, kichocho ni ule ugonjwa wa kukojoa damu. Lakini katika vijiji vingi vya mwambao wa Ziwa Victoria kichocho kinachosumbua zaidi ni cha tumbo, ambacho hushambulia utumbo na ini, na mgonjwa wake huenda asione tone la damu katika mkojo maisha yake yote. Mhojaji akimwuliza mvuvi, "Je, umewahi kuugua kichocho?" mvuvi atajibu hapana, tena kwa ukweli mtupu. Jibu hilo litaandikwa kama tarakimu, tarakimu itaingia katika jedwali, na jedwali litasafiri hadi kwenye jarida la ng'ambo. Hakuna aliyedanganya popote katika safari hiyo, na bado mwisho wake ni uongo. Kosa lilifanyika katika neno la kwanza, pale ambapo hakuna mtakwimu anayeweza kulisahihisha.

Lakini jambo linalonikera zaidi ni ridhaa. Sheria za maadili ya utafiti, tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, zinadai kwamba mtu asifanyiwe utafiti bila kukubali kwa hiari yake, akiwa ameelezwa na ameelewa. Nchini Tanzania fomu ya ridhaa huandikwa kwa Kiswahili, na asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi kisha akaweka dole gumba. Kwa nje mambo yamekamilika. Ndani yake kuna maneno matatu au manne ambayo yanabeba mzigo wote, na ndiyo maneno yaliyo dhaifu kuliko yote.

La kwanza ni "utafiti". Kwa aliyesoma, kutafiti ni kutafuta jibu ambalo bado halijulikani. Kwa mama aliyeletewa wageni waliovaa makoti meupe, wenye sindano, vipimo na gari lenye nembo, hao ni madaktari, na wamekuja kupima na kutibu. Watu hawasemi "wamekuja kututafiti". Husema "wamekuja kutupima". Kupima ni kitendo cha mtu ajuaye, anayemhudumia mgonjwa. Kutafiti ni kitendo cha mtu asiyejua bado, anayeomba msaada kwa aliye mbele yake. Fomu isipoweka wazi tofauti hiyo, aliyesaini amekubali jambo jingine kabisa. Tatizo si la Tanzania peke yake. Wachunguzi wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, waliandika mwaka 2004 kuhusu washiriki wengi ambao hawakutenganisha utafiti na matibabu.

La pili ni lile la kugawa washiriki katika makundi bila upendeleo. Tafsiri iliyo karibu zaidi na mdomo ni "bahati nasibu". Sasa mwulize mtu yeyote mtaani bahati nasibu ni nini: atakwambia ni mchezo wa kununua tiketi na kungojea pikipiki. Katika bahati nasibu kuna mshindi na kuna aliyekosa. Ukimwambia mzazi kwamba mwanawe atachaguliwa kwa bahati nasibu, umekwisha kumwambia, bila kutaka, kwamba kundi moja ni zawadi na jingine ni hasara, ilhali utafiti unafanywa kwa sababu hakuna ajuaye lipi ni lipi.

La tatu ni kile kidonge kisicho na dawa ndani yake, kinachotolewa kwa kundi la kulinganishia. Wapo wanaokiita "dawa bandia". Lakini dawa bandia, katika Kiswahili cha kila siku na cha magazeti, ni ile inayokamatwa madukani na polisi, iliyoghushiwa na walaghai. Yaani fomu inayotakiwa kujenga imani inamwambia mshiriki kwamba anaweza kupewa bidhaa ya walaghai. Wengine wamekwepa kwa kusema "plasebo", na hapo neno halidanganyi, lakini pia halisemi kitu.

Na mara nyingine jambo lenyewe ni gumu kuliko istilahi yake. Katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009 na kuwahusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe zikiwemo, watoto wakubwa kidogo wa kundi la kulinganishia walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kitaalamu uamuzi huo ulikuwa na busara, maana mtoto wa kundi lile naye aliambulia kinga ya ugonjwa halisi. Lakini mweleze mzazi, kwa sentensi tatu, kwamba amekuja kwa ajili ya chanjo ya malaria na mwanawe huenda akapata ya kichaa cha mbwa, na kwamba wala yeye wala mchomaji hatajua ni ipi. Kazi hiyo haitaki mtafsiri wa kukodi jioni moja. Inataka mtu mwenye sikio la lugha, ajuaye jinsi neno linavyotua moyoni mwa msikilizaji. Watu wa namna hiyo wapo. Baadhi yao wanasoma makala haya.

Hebu tutazame pia jinsi tafsiri hizo zinavyokaguliwa. Desturi iliyoenea ni kwamba fomu ya Kiingereza hutafsiriwa kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine huirudisha katika Kiingereza, na Kiingereza cha pili kikilingana na cha kwanza, tafsiri huhesabiwa kuwa njema. Njia hiyo ina faida yake katika kunasa makosa makubwa. Lakini angalia kinachopimwa: Kiingereza kinapimwa kwa Kiingereza. Kiswahili ni daraja tu lililopitwa mara mbili, wala hakuna aliyeinama kuona kama lina mbao. "Bahati nasibu" itarudi salama kabisa upande wa pili. "Dawa bandia" vilevile. Mtihani umefaulu, na mama wa Korogwe bado hajaelewa. Zaidi ya hayo, tafsiri inayoogopa kushindwa mtihani huo huishikilia sarufi ya Kiingereza kama mlevi na ukuta. Ndiyo maana fomu nyingi zina sentensi za mistari mitano ambazo hakuna Mswahili angezitamka.

Baada ya ridhaa huja damu, baada ya damu huja miaka ya ukimya. Sisemi kwamba hakuna anayerudi. Zipo taasisi zinazoitisha mikutano ya vijiji na kueleza kilichopatikana, na zinastahili shukrani. Lakini neno la mkutanoni huondoka na upepo. Makala ya kitaalamu hubaki, huhifadhiwa, hunukuliwa, hujengewa makala mengine. Kijiji cha Idete, karibu na Ifakara, kilitoa watoto wake katika majaribio ya chanjo ya awali iliyoitwa SPf66, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1994. Habari hiyo inajulikana kwa wataalamu wa malaria duniani kote. Mtu wa Idete aliyekuwa mtoto wakati ule, akitaka leo kujua alishiriki katika nini na kiligundulika nini, ataipata wapi kwa lugha yake? Historia ya mwili wake imeandikwa, na ameachwa nje ya mlango wa kitabu.

Wala hatuwezi kusema kwamba lugha zetu hazina nafasi katika sayansi hiyo. Ulimwengu umekopa kwetu. Ugonjwa wa chikungunya, uliotambuliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika nyanda za Wamakonde, jina lake ni la Kimakonde, na linaeleza jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa. Na wapo wanaofuatilia asili ya neno "dengue" hadi Kiswahili cha pwani, katika "kidinga pepo", jina ambalo daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja katika karne ya 19, alilikuta na kuliandika. Homa hiyo ilipoenea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, wengi waliisoma magazetini kama dengue, ugonjwa mgeni wenye jina geni, na wachache wakajua kwamba kidingapopo alikuwa mtoto wa nyumbani aliyerudi kutoka safari akiwa amebadilisha nguo. Tumetoa majina, tumetoa damu, tumetoa majibu. Tunachorudishiwa ni kifurushi kilichofungwa kwa kufuli lisilo letu.

Na pale maelezo yanapokosekana, lugha haikai kimya; hujieleza yenyewe. Ndivyo neno "mumiani" lilivyopata nguvu katika Afrika Mashariki ya wakoloni. Neno hilo, lililokuwa jina la dawa iliyoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi, likageuka kuwa jina la watu wanaodaiwa kunyonya damu za wenzao usiku, nao wakahusishwa na magari ya zimamoto, na mahospitali, na Wazungu wenye vichupa. Msomi Luise White ameandika kitabu kizima kuhusu uvumi wa namna hiyo. Tusiucheke. Mtu aliyetolewa damu bila kuelezwa inakwenda wapi amebaki na swali, na swali lisilojibiwa hutafuta jibu lake gizani. Mumiani ni muhtasari wa utafiti uliotungwa na wale ambao hawakupewa muhtasari.

Nimewasema watafiti vya kutosha. Sasa tujitazame sisi. Wanalugha tumetunga istilahi nyingi za tiba tukiwa mezani, tukizipima kwa uzuri wa uundaji wake na usafi wa asili yake, bila kuzipeleka zahanatini kuona kama zinatembea. Tuna Baraza la Kiswahili la Taifa tangu 1967, tuna Kamusi ya Tiba iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na bado daktari kijana aliyesomea kila kitu kwa Kiingereza tangu sekondari hufika wodini akiwa na maneno mawili tu ya kuelezea ini lililoharibika, na yote mawili ni "tatizo". Kamusi imelala rafuni, mgonjwa amelala kitandani, hawajakutana.

Ilhali tukitaka tunaweza, na ushahidi upo kinywani mwa kila mtu. Tazama "chanjo". Kabla ya sindano ya kisasa, watu walichanja chale na kupaka dawa ili mwili ujikinge. Neno likahamia katika sindano bila kuulizwa pasi ya kusafiria, kwa sababu wazo lilikuwa na njia. Tazama "mseto". Tanzania ilipobadili sera ya tiba ya malaria mwaka 2006 na kuchukua dawa mbili zinazofanya kazi pamoja, hatukuhitaji istilahi yenye silabi kumi. Mpishi yeyote anajua mseto: mchele na choroko katika chungu kimoja, vikisaidiana. Hadi leo mgonjwa huingia duka la dawa akasema "nipe mseto", naye muuzaji ameelewa, na fikra nzima ya tiba ya pamoja imo katika neno la jikoni. Tazama UKIMWI, neno linalojieleza lenyewe: Upungufu wa Kinga Mwilini. Na ilipokuja korona mwaka 2020, hatukuunda neno jipya la kile kitambaa cha usoni. Tuliamsha "barakoa", vazi la uso la wanawake wa pwani katika karne zilizopita, nalo likaamka kana kwamba lilikuwa limesinzia tu. Maneno haya manne yamefaulu kwa siri moja: yalianzia katika jambo ambalo msikilizaji tayari alikuwa nalo.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba Kiingereza ndicho lugha ya sayansi ya dunia, na mtafiti wa Mwanza lazima asomwe Geneva. Nakubali. Sitaki makala yake yafungiwe Mwanza. Nasema tu kwamba anayeweza kuandika kurasa kumi na mbili kwa ajili ya Geneva anaweza kuandika kurasa mbili kwa ajili ya Sengerema. La pili ni kwamba istilahi hazipo. Hapo nakumbusha kwamba mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, baada ya miongo ya kuambiwa kuwa sheria haisemeki kwa Kiswahili. Istilahi huja kwa kutumiwa. Haziji kwa kungojewa.

La tatu ni zito zaidi, nalo linanifikirisha: Kiswahili si lugha ya mama ya kila Mtanzania. Bibi wa Kimakonde, mfugaji wa Kimaasai, mkulima wa Kisukuma, hao wanaweza kukiona Kiswahili cha fomu kuwa kigeni karibu sawa na Kiingereza. Ni kweli, na ukweli huo unatubana. Kiswahili kisije kikawafanyia ndugu zake kile ambacho Kiingereza kimekifanyia Kiswahili. Lakini kuandika matokeo kwa Kiswahili hakuzibi njia ya lugha hizo, kunaifungua. Mwalimu wa shule ya msingi aliye Newala anaweza kuusoma muhtasari wa Kiswahili na kuwaeleza wazee kwa Kimakonde jioni ileile. Muhtasari wa Kiingereza hauanzi hata safari.

Basi napendekeza mambo matatu, wala hakuna linalohitaji hazina ya mfalme. Kwanza, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979 na ambayo kibali cha maadili hupitia kwake, iongeze sharti moja katika yale iliyo nayo. Tayari mtafiti hutakiwa kupeleka ripoti za maendeleo. Aongezewe muhtasari wa Kiswahili, kurasa mbili, wenye jibu la maswali manne: tulitaka kujua nini, tulifanya nini kwenu, tuliona nini, na sasa kitafanyika nini. Uwekwe wazi kwa kila mtu, na nakala ibandikwe katika zahanati ya mahali utafiti ulipofanyika.

Pili, fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na ipimwe kwa masikio ya watu wanaofanana na washiriki. Asomewe mama mmoja, kisha aombwe aeleze kwa maneno yake alichosikia. Akisema "mnataka kumtibu mwanangu", fomu imeanguka, hata kama Kiingereza chake cha kurudishwa ni safi kama maji ya mtungi. Fomu yenyewe ikatae maneno yenye sura mbili. Badala ya "bahati nasibu", aelezwe kwamba majina yatachanganywa na kupangwa bila mtu kuchagua, na kwamba hakuna ajuaye kundi lipi litafaidika. Badala ya "dawa bandia", kisemwe kile kilichomo: kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani.

Tatu, sisi. Washairi wa pwani walitumia utenzi kufundisha dini, adabu, historia na maisha ya nyumbani, na hakuna aliyesema kwamba mafunzo hayo yalikuwa mazito mno kwa mizani minane. Mshairi ni mtu aliyezoea kuuliza neno lina uzito gani kabla ya kuliweka katika mshororo. Ujuzi huo ndio hasa unaokosekana katika fomu za ridhaa. Twende tukajitolee katika kamati za maadili, ambazo zinahitaji pia watu wasio madaktari. Tukae na wahojaji kabla hawajaenda vijijini, tuwaulize kichocho chao ni kipi na homa yao ni ipi. Na tukiunda istilahi, tuipeleke kwanza kwenye foleni ya zahanati. Ikirudi hai, ndipo tuiingize katika kamusi.

Mtu aliyetoa damu yake na majibu yake ni mshirika katika elimu iliyopatikana, na mshirika hanyimwi hesabu. Namwachia yeye mwenyewe aseme:

Mtafiti ukipita, nyumbani ukanihoji,
Damu yangu ukavuta, na majibu ya kijiji,
Jawabu ulilopata, nami ndiye mhitaji,
Rejesha kwa Kiswahili, ulichokisoma kwetu.

Kama dawa umepima, nieleze kwa kituo,
Ni mbovu ama ni njema, usifiche matokeo,
Nami nipate kusema, wenzangu wajue leo,
Rejesha kwa Kiswahili, ulichokisoma kwetu.